Chakula cha Sajini

Kila siku, saa tisa na nusu alasiri, Reino Ylinen alirudi kutoka ziwani. Marlys, mkewe, alimsikia kabla hajamwona. Kwanza mlango wa gari. Halafu buti zikikung'utwa theluji kwenye ngazi. Halafu ndoo ya plastiki ikitua sakafuni, maji yakicheza ndani.

"Umepata?" Marlys aliuliza.

"Wawili. Wadogo. Nimewarudisha."

Basi, mazungumzo ya siku yamekwisha. Reino alivua koti, akaipita meza, akampita na mkewe, akaenda moja kwa moja sebuleni kwenye tangi la samaki. Huko ndiko ulimi wake ulikofunguka.

"Habari yako, Sajini? Umeshinda na njaa, ee? Huyu mama amekunyima? Ngoja, ngoja kidogo. Nimekuletea."

Marlys aliyasikia yote akiwa jikoni, akipanga viazi juu ya nyama ya kusaga kwenye bakuli la oveni. Hakumwonea samaki wivu. Wivu ulishamchosha. Lakini iliuma, tusidanganyane. Mume wako akikunyima maneno halafu akampa samaki, inauma.

Sajini alikuwa samaki mkubwa, urefu wa sahani ya chakula, mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa. Kwao ni mito ya joto ya Amerika ya Kusini, na ni wa jamii moja na perege. Maji ya tangi lake yalipashwa na hita saa zote, maana nje baridi ilikuwa ya kuua. Alikuwa samaki wa Wade, mtoto wao wa pekee. Wade alimnunua angali mdogo kama kidole gumba, akamlea miaka sita. Halafu, Novemba ya mwaka juzi, gari la Wade likateleza kwenye barafu barabarani. Alikuwa na miaka ishirini na minane.

Baada ya mazishi Reino alikwenda kwenye chumba alichopanga mwanawe, akalileta tangi nyumbani. Hakulia. Jina la Wade hakulitaja tena, hata mara moja. Nguo zilipelekwa kanisani. Gari likawa chuma chakavu. Katika vyote alivyoviacha Wade, vilivyobaki vinapumua ni Sajini na kambale mmoja mdogo mwenye ngozi ngumu. Kambale huyo alikaa chini kwenye changarawe, akilamba vioo na mawe. Jina lake Fagio.

"Fagio hahitaji chakula," Reino alisema siku ile ya kwanza. "Kazi yake kula uchafu."

Na Sajini? Kwa Sajini, Reino alikuwa na mpango mzuri. Wavuvi wa huko hutoboa tundu kwenye barafu ya ziwa na kuvua kwa vidagaa hai. Vidagaa wakibaki, sheria inakataza kuwamwaga ziwani, wasije wakaeneza magonjwa. Inatakiwa watupwe kwenye takataka. Sasa Reino, aliyefanya kazi kwenye mgodi wa chuma miaka thelathini na moja, hajawahi kutupa hata msumari uliopinda. Atatupa ndoo ya vidagaa wazima? Thubutu!

"Sheria imefuatwa, hakuna kilichopotea, na Sajini ameshiba," alisema. Kila jioni akawamwaga kwenye tangi, na Sajini akawafukuza na kuwameza mmoja mmoja. Majira ya kiangazi ilikuwa funza weupe wa chambo. Na Marlys naye, asionekane hana roho nzuri, akawa anamtupia makombo ya nyama ya ng'ombe.

Hivyo ndivyo walivyomlisha. Kwa upendo kabisa.

Mwanzoni mwa Januari, Marlys alimkuta Fagio amelala chali kwenye changarawe. Tumbo lake lilikuwa limebonyea ndani.

"Uzee," Reino alisema. Akamfunga kwenye gazeti, akatoka naye. Ardhi ilikuwa imeganda, haichimbiki. Marlys hakuuliza amempeleka wapi.

Wiki moja baadaye ikawa zamu ya Sajini. Rangi yake ilipauka. Kichwani, juu ya macho, vilitokea vishimo vidogo. Halafu akaanza kuogelea kwa ubavu. Mara nyingine alizunguka mahali pamoja, kama aliyelewa, akajigonga kwenye kioo. Siku ya tatu Reino alimwaga vidagaa, na Sajini hakuwagusa. Walipita mbele ya mdomo wake, akawatazama tu.

Reino aliongeza wengine. Akaongeza tena. Waliokufa walielea juu, maji yakawa na harufu.

"Kula, bwana," alimwambia. "Kula basi. Usinifanyie hivi."

Marlys alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Hofu ilimshika, na haikuwa hofu ya samaki. Aliujua uso ule wa mumewe. Ndio aliokuwa nao hospitalini, siku Wade alipokufa. Alijiuliza: huyu samaki akifa, Reino atabaki na nini? Atakuwa anazungumza na nani?

Asubuhi iliyofuata baridi ilifika nyuzi thelathini chini ya sifuri. Gari la Reino lilikataa kuwaka.

"Nenda na lako kwa Ardis," alimwambia mkewe. "Nunua vidagaa wapya. Pengine hawa wa kwangu wamechakaa."

Ardis Bergstrom alikuwa na duka la chambo karibu na ziwa. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye kituo cha serikali cha kuzalisha samaki. Mdomo wake haukuwa na likizo, na mji mzima ulimjua kwa hilo.

"Marlys! Umepotea au umefukuzwa?" alisema. "Leo hakuna mtu aliyetoka nje ila wendawazimu na mimi."

"Vidagaa, Ardis. Vikombe viwili."

"Viwili? Reino anavua leo? Mbona kibanda chake cha kwenye barafu hakitoi moshi?"

"Si vya kuvulia. Ni chakula cha Sajini. Hali kitu, Reino anadhani labda akipata wabichi zaidi..."

Ardis aliweka wavu wake chini. Masihara yakamtoka usoni.

"Sajini ndiye yule samaki wa Wade?"

Marlys aliitikia kwa kichwa. Alikuwa hajalisikia jina hilo kwa sauti ya mtu mwingine kwa muda mrefu.

"Na mnampa vidagaa tangu lini?"

"Tangu tulipomchukua. Mwaka na zaidi."

"Anaogelea ubavu? Anazunguka?"

"Umejuaje?"

"Mungu wangu," Ardis alisema taratibu. "Na mimi ndiye niliyekuwa nikimjazia ndoo." Alifunika tangi la vidagaa kwa ubao. "Sikuuzii."

"Ardis, tafadhali, Reino ata..."

"Sikuuzii, bibie, hata ukipiga magoti. Rudi nyumbani. Nikifunga duka nakuja. Mwambie mzee wako nimkute amevaa suruali."

Alifika saa kumi, akiwa na mfuko chini ya kwapa. Reino hakusimama kwenye kiti chake.

"Kumbe siku hizi wauza chambo wanatembelea wagonjwa," alisema.

"Wanatembelea, tena bure. Sogea huko." Ardis alipiga magoti mbele ya tangi, akawasha tochi, akamwangalia Sajini kwa muda. Aliguna. "Reino, chambo ni cha ndoana. Sicho cha mtoto wa nyumbani."

"Samaki anakula samaki. Huko mtoni kwao nani anampikia?"

"Huko kwao anakula wadudu. Anakula kamba, konokono, matunda yaliyodondoka majini. Samaki mdogo akipita, naye anamla. Vitu vya kila namna. Wewe unampa kitu kimoja mwaka mzima, tena kile kilicho kibaya kuliko vyote."

"Kibaya kivipi? Amekua kwa hicho."

"Nisikilize vizuri. Ndani ya vidagaa hawa mna kitu kinachoharibu vitamini B1. Samaki anakula, anashiba, unamwona ana tumbo. Lakini vitamini imeharibiwa kabla mwili haujaipata. Akikosa B1 muda mrefu, mishipa ya fahamu inadhoofika. Hamu ya kula inakwisha. Anapinda, anazunguka kama huyu. Kituoni tulizika ndoo kwa ndoo za samaki kabla hatujajua sababu. Nilizibeba mwenyewe, ndoo zile."

Reino aligeukia tangi.

"Na si hilo tu," Ardis aliendelea. "Vidagaa wanatoka kwenye mabwawa. Wanaweza kuja na minyoo na magonjwa yao. Funza weupe nao ni mafuta matupu. Utamu wa mara moja moja, si mlo."

"Mimi nilikuwa nampa nyama kidogo," Marlys alisema kwa sauti ya chini. "Ya ng'ombe."

"Hiyo nayo acha. Mafuta ya ng'ombe yanamlemea samaki tumboni."

"Na haya mashimo ya kichwani?"

"Mara nyingi ni lishe mbovu na maji machafu. Mnachomwaga kikizidi kinaoza, maji yanaharibika. Mpe anachomaliza kwa dakika mbili. Kikibaki, kitoe. Na siku moja kwa wiki asile kabisa, hatakufa." Ardis alimulika chini kwenye changarawe. "Nilisikia kulikuwa na kambale pia. Yuko wapi?"

Marlys alimtazama Reino.

"Alikufa," Marlys alisema. "Kabla ya huyu kuugua."

"Mlikuwa mnamlisha nini?"

"Si anakula uchafu?" Reino alisema. "Kila mtu anajua."

Ardis alizima tochi. Sauti yake ilikuwa imelainika sasa, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Hakuna samaki anayeishi kwa uchafu, Reino. Yule ni mla majani. Ukoga wa kijani wa kwenye kioo ni kama kachumbari kwake, si mlo. Alitakiwa apate tango, boga changa, mbaazi za kijani, na vidonge vya kuzama. Na awekewe jioni, taa ikishazimwa, maana hao wanaona aibu mchana. Tumbo lake lilikuwaje alipokufa?"

"Limebonyea," Marlys alisema.

"Basi alikufa kwa njaa."

Marlys aliketi. Alikumbuka kipande cha tango ndani ya tangi, kule kwenye chumba cha Wade. Alikuwa amemcheka mwanawe: "Chakula cha watu hicho!" Wade naye akacheka. Hakumwuliza tango lile lilikuwa la nani. Dakika moja tu ya kuuliza, na hakuuliza.

Reino aliinuka, akaenda chumbani. Alirudi na kopo la chakula cha samaki. Aliliweka mezani kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Chakula chake kipo," alisema. "Kile alichokuwa akimpa mwenyewe. Kimebaki robo."

Ardis alifungua kifuniko, akatazama punje za ndani. "Sasa kwa nini hukuendelea nacho? Ukanunua kingine kama hiki?"

Reino aliinamisha kichwa. Alisugua meza kwa kidole gumba.

"Kingekwisha," alisema.

Ardis alirudisha kifuniko taratibu. Marlys alimtazama mumewe. Kumbe mwaka wote ule alidhani ni ubahili wa chambo. Alinyoosha mkono akauweka juu ya mkono wa Reino, na Reino hakuuondoa.

"Hiki sasa hakifai," Ardis alisema. "Chakula kikavu kikishafunguliwa, ndani ya miezi sita vitamini zake nyingi zimepotea. Ndiyo maana tunanunua kopo dogo, na tunaliweka pakavu, limefungwa. Sikwambii ukitupe. Nakwambia usimlishe."

Akafungua mfuko wake, akatoa kopo jipya na chupa ndogo.

"Soma hapa nyuma. Kitu cha kwanza kwenye orodha kiwe samaki au kamba. Ukianza unga wa ngano, rudisha dukani. Halafu mwangalie samaki mdomo. Mdomo ukitazama juu, anakula juu ya maji, mpe kinachoelea. Ukitazama mbele, kama wa huyu, anakula katikati, na atapanda juu kuchukua. Ukiwa chini ya kichwa, kama wa yule marehemu, anakula chini, mpe kinachozama. Mdomo wenyewe unakwambia. Hizi punje ndizo mlo wa Sajini wa kila siku. Ziloweshe kwa matone ya vitamini haya. Mara mbili kwa wiki mwongezee kamba mbichi aliyemenywa, au mbaazi iliyotolewa ganda, au mnyoo wa udongo kutoka kwangu. Wa kwangu, si wa bustani iliyopigwa dawa."

"Atapona?" Reino aliuliza.

"Sijui. Nikisema ndiyo nitakuwa nakudanganya."

Walibadilisha robo ya maji siku ile ile, na kila baada ya siku mbili. Reino aliweka punje mbili asubuhi, punje mbili jioni. Sajini alizitazama. Zililainika, zikazama, Reino akazitoa kwa wavu. Siku ya nne ilikuwa hivyo. Siku ya sita ilikuwa hivyo. Samaki alikuwa amelala pembeni ya kichujio cha maji, mapezi yakitikisika kidogo, na nyumba nzima ilikuwa kama inauguza mtu.

Siku ya saba Marlys alitoka kuoga akamkuta Reino sebuleni na ndoo. Ndani walikuwa vidagaa, wamechangamka. Ardis hakumwuzia, Reino alikuwa amekwenda kuwanunua mji wa pili.

"Mmoja tu," Reino alisema bila kugeuka. "Pengine anamkumbuka huyu. Afadhali afe ameshiba."

"Weka chini ndoo hiyo."

"Anakufa njaa, Marlys!"

"Fagio ndiye aliyekufa njaa!" Marlys alipiga kelele, yeye ambaye hajawahi kumpandishia mume sauti. "Amekufa njaa hapo hapo, na sisi kwenye kochi hili tunatazama televisheni! Kwa sababu hatukuuliza! Sasa tumeuliza, tumeambiwa, na wewe unataka kumwua na huyu kwa mikono yako?"

Aliichukua ndoo, akatoka nje bila koti, akaimwaga yote kwenye pipa la takataka. Nywele zake mbichi ziliganda pale pale. Aliporudi, Reino alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, analia. Alilia vibaya, kwa sauti, kama mtu asiyejua namna ya kulia. Marlys alikaa karibu naye. Hakusema nyamaza.

Siku ya tisa, Sajini alichukua nusu ya kamba. Akaitema. Akaichukua tena, na safari hii haikutoka.

Reino alimtazama mkewe.

Siku ya kumi na mbili alimeza punje moja. Mwisho wa Februari alikuwa anaogelea wima, ingawa aligeuka polepole kama mzee. Machi rangi ilirudi, na maji yakawa safi bila harufu. Vishimo vya kichwani vilijifunga, vikaacha makovu. Jicho la kushoto lilibaki na ukungu, na Ardis alisema litabaki hivyo. Kambale mwingine Reino hakumtaka. Ardis alipomgusia, alitikisa kichwa tu.

Mwezi wa Mei, barafu ilipokwisha, Marlys na Reino walikwenda pamoja dukani kwa Ardis kuchukua minyoo. Mbele yao alikuwapo mwanamume mgeni, mvuvi wa mashua, akijaziwa ndoo ya vidagaa.

"Jaza tu, mama," alimwambia Ardis. "Watakaobaki si hasara. Binti yangu ana samaki wa tangi nyumbani, wale wa nchi za joto. Atawamaliza."

Ardis alifungua mdomo. Reino akamtangulia.

"Usimpe," alisema.

Mgeni aligeuka. "Nini?"

"Vidagaa. Usimpe samaki wa binti yako. Utamwua." Reino alimsogelea. "Mpe punje zenye samaki au kamba mwanzo wa orodha. Na kama ana kambale wa kulamba vioo, mpe tango. Mimi sikumpa. Mwanangu Wade alikuwa anajua mambo haya yote. Alimlea samaki wake miaka sita, hakuugua hata siku moja."

"Ahaa," mgeni alisema, akitoa simu yake mfukoni. "Basi nipe namba ya huyo Wade. Binti yangu ana maswali hayaishi. Ampigie huyo huyo mtaalamu."

Ardis aliangalia sakafu.

"Wade amekufa," Reino alisema. "Andika yangu. Aniulize mimi."